Rubani naye anarudi kwenye daftari?

Wadau, juzi hapa Mlowo nilikaa meza moja ya kahawa na jamaa aliyetoka uwanja wa ndege wa Songwe, anaelekea Tunduma. Kumbe rubani! Mkononi daftari la nadharia ya urubani. Nikamtania, "Kaka, si ulishafaulu zamani?"

Akacheka. Eti mitihani ya karatasi ukishafaulu umemaliza, kinachorudi mara mbili kwa mwaka ni kupimwa unavyorusha. Usipojisomea, nadharia inaota kutu.

Akanipa hesabu. Huku juu hewa ni nyepesi, injini na mabawa vinakosa nguvu kama lori mlimani. Songwe ipo futi 4,000 na ushee. Kwa futi 4,000 kitabu kinataka joto nyuzi 7. Mchana likifika 27, tofauti ni 20, zidisha kwa futi 120, unapata 2,400. Yaani ndege inapaa kama iko futi 6,400, na inakula barabara ndefu zaidi.

Nikamuuliza, si kuna kompyuta? Ipo, ila inaamini unachoiandikia. Machi 2009 kule Melbourne, Emirates ya kwenda Dubai ilikuwa na tani 362.9, ikaandikwa 262.9. Tani 100 nzima! Mkia ukaburuzika chini, watu 275 ndani. Walipaa kwa taabu, wakarudi salama. Mwenye hesabu kichwani ndiye anayeshtuka: mbona spidi hii ndogo hivi?

Haya, wewe unayesubiri mashine iachwe: futi 4,000, nyuzi 30. Tupia jibu kwenye maoni hapo chini.