SANGARA HUCHAGUAJE CHAKULA CHAKE?

Wavuvi wa Ukerewe na visiwa vingine vya Ziwa Victoria, wapasuapo tumbo la sangara, hukuta pengine furu, pengine dagaa, pengine uduvi watupu. Inafaa wananchi na watumishi wa umma waelewe sababu ya tofauti hiyo.

Samaki hulinganisha faida ya windo na taabu ya kulipata. Mwaka 1974 wataalamu wa Marekani, Earl Werner na Donald Hall, walitangaza matokeo ya majaribio juu ya samaki wa maji baridi aitwaye bluegill. Samaki huyo alipewa viumbe vidogo vya majini vya ukubwa mbalimbali. Vilipokuwa haba, alikula kila alichokutana nacho. Vilipokuwa vingi, aliacha vidogo akachagua vikubwa.

Sangara naye hubadilika. Kwa kuwa humeza windo zima, ukubwa wa kinywa chake ndio mpaka wa kwanza: mchanga hula vijidudu vya majini, kisha uduvi, na akikua hula samaki. Hata hivyo, umri siyo sababu pekee. Sangara aliletwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na 1960, na furu, waliokuwa tele, wakawa chakula chake kikuu. Furu walipopungua mno katika miaka ya 1980, sangara aligeukia uduvi, dagaa na hata watoto wa sangara wenzake. Tangu miaka ya 1990, baadhi ya aina za furu zilipoanza kuongezeka, sangara aliwarudia.

Kwa hiyo, mvuvi akiona sangara mkubwa amejaa uduvi, aelewe kwamba huenda samaki wa kuliwa wamepungua mahali hapo. Tena, sangara alapo watoto wa jamii yake, hupunguza mavuno ya miaka ijayo. Kokoro huongeza hasara hiyo, kwani hukumba pamoja sangara wachanga na samaki wadogo ambao wangekuwa chakula cha wakubwa.

Wananchi wanakumbushwa kwamba kokoro limepigwa marufuku, na kwamba kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50. Anayemwacha mdogo leo hujiwekea akiba ya kesho.