Mgombea Anapotishia Vita: Maneno ya Kinshasa na Uzito Wake Uvira

Katika nchi zinazochagua viongozi wake kwa kura, msimu wa kampeni huachia maneno ambayo siku nyingine yasingevumiliwa, na mazito kuliko yote ni yale ya kuitishia vita nchi jirani. Uzito huo hautokani na ukali wa lugha peke yake, bali na hali ya anayeyatamka: kwa wapiga kura yeye ni mwombaji wa kura, ilhali kwa majirani yeye ni, au yu karibu kuwa, amiri jeshi mkuu mwenye askari, ndege na hazina ya dola. Namna ya kuyajibu maneno ya aina hiyo imewashughulisha wanadiplomasia kwa muda mrefu, lakini ni pachache ambapo majibu yake yamegusa maisha ya watu kwa karibu kama Uvira, mji wa Kivu Kusini uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, wenye Burundi ng'ambo ya mto Ruzizi na Rwanda juu ya bonde la mto huohuo.

Tarehe 8 Desemba 2023, akiwa Bukavu katika kampeni ya kuomba muhula wa pili, Rais Félix Tshisekedi alimfananisha Rais Paul Kagame wa Rwanda na Adolf Hitler, akaahidi kwamba mwisho wake utafanana na wa huyo. Siku kumi baadaye, katika mkutano wake wa mwisho wa kampeni mjini Kinshasa, alisema kwamba akichaguliwa tena, na Rwanda ikaendelea na uchokozi, ataliita bunge limpe idhini ya kutangaza vita, na akaongeza kwamba jeshi lake limekwisha kuwa na silaha za kuifikia Kigali bila askari kuondoka katika mji wa Goma. Uchaguzi ulianza tarehe 20 Desemba, matokeo ya awali yakampa takriban asilimia 73 ya kura, Mahakama ya Katiba ikayathibitisha, na tarehe 20 Januari 2024 akaapishwa.

Hasira iliyozaa maneno hayo ilikuwa na msingi, na msomaji asiyejua msingi huo anaweza kuyachukua kuwa ni jazba tupu. Waasi wa M23, ambao walishindwa mwaka 2013, walirejea vitani mwishoni mwa 2021 na kuuteka mji wa mpakani wa Bunagana mwezi Juni 2022, huku wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakieleza katika ripoti zao kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia na kwamba askari wake wamo ndani ya Kongo; ripoti ya Julai 2024 ilikadiria askari hao kuwa kati ya 3,000 na 4,000. Kigali imekuwa ikikanusha, na kwa upande wake imekuwa ikiishutumu Kinshasa kwa kushirikiana na FDLR, kundi lenye asili yake katika waliofanya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Kwa hiyo mgombea hakubuni adui, bali alichagua namna ya kumtaja.

Kisheria, tishio lile lilikuwa na hatua nyingi kati ya jukwaa na vita. Ibara ya 86 na ya 143 za Katiba ya Kongo zinamtaka rais, kabla ya kutangaza vita, apitishe jambo hilo katika baraza la mawaziri, apate ushauri wa Baraza Kuu la Ulinzi, kisha apewe idhini na Bunge la Taifa pamoja na Seneti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa nao, katika ibara ya 2 kifungu cha 4, haukatazi matumizi ya nguvu peke yake. Unakataza pia kutishia kuitumia, ingawa ibara ya 51 inaiachia kila nchi haki ya kujilinda inaposhambuliwa. Vita haikutangazwa. Hata hivyo neno lililotamkwa na mtu mwenye uwezo wa kulitekeleza halisubiri taratibu za bunge ili lianze kufanya kazi, kwa sababu jirani hupima uwezo kwanza na nia baadaye.

Jibu la Rwanda lilikuja kwa awamu, na awamu hizo zinastahili kutazamwa moja baada ya nyingine. Kwanza msemaji wa serikali, Yolande Makolo, aliyaita maneno ya Bukavu kuwa ni tishio lililo wazi. Kisha Kagame mwenyewe, katika mkutano wa kitaifa wa Umushyikirano mwezi Januari 2024, alisema kwamba katika kuilinda nchi yake hahitaji ruhusa ya mtu yeyote, na miezi michache baadaye aliliambia jarida la Jeune Afrique kwamba mwenzake anaweza kila kitu isipokuwa kupima matokeo ya anayoyasema. Hadi hapo ilikuwa ni maneno kwa maneno. Hatua ya tatu ndiyo iliyobeba mzigo. Tarehe 17 Februari 2024 Marekani iliitaka Rwanda iondoe askari wake wote pamoja na makombora ya kutungulia ndege kutoka ardhi ya Kongo, na siku iliyofuata wizara ya mambo ya nje ya Rwanda ikajibu kwa tamko rasmi, ambamo vitisho vya hadharani vya rais wa Kongo viliorodheshwa kando ya ndege zisizo na rubani za Kichina aina ya CH-4 zilizonunuliwa na Kinshasa, vyote vikiwa ni sababu za Rwanda kubadili mpangilio wake wa ulinzi.

Hapo ndipo maneno ya kampeni yalipobadili mmiliki. Yalitamkwa yakiwa mali ya mgombea, yakaokotwa na mpinzani wake, na yakawekwa katika faili kama ushahidi. Ni kweli kwamba askari wa Rwanda walikuwa wameonekana Kongo kabla ya Desemba 2023, hivyo tishio halikuwa chanzo cha kuwapo kwao. Lakini liliipa Kigali kitu ambacho haikuwa nacho, yaani hoja iliyotoka katika kinywa cha rais wa Kongo mwenyewe, iliyorekodiwa na isiyoweza kukanushwa. Kutoka hapo lugha ya "hatua za kujihami" iliingia katika mazungumzo ya Luanda yaliyosimamiwa na Rais João Lourenço wa Angola, na hatimaye ikaandikwa katika mkataba uliosainiwa Washington tarehe 27 Juni 2025, ambao uliiweka kazi ya kuliangamiza kundi la FDLR sambamba na kuondolewa kwa hatua hizo za Rwanda. Serikali ya Kongo, ambayo kwa miaka mingi ilidai kwamba jirani amevamia, iliweka saini chini ya maandishi yanayomtaja jirani huyo kama aliyejikinga.

Wakazi wa Uvira wenye umri wa kutosha hawakuhitaji kusoma mkataba wowote ili kuijua hatari hiyo. Mnamo Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini wa wakati huo, Lwasi Ngabo Lwabanji, alitangaza kwamba Wabanyamulenge, jamii ya wafugaji wa nyanda za juu zinazoutazama mji, waihame nchi katika muda wa juma moja. Maandalizi ya vita yalikuwa yamekwisha kufanywa ng'ambo ya mpaka, na vijana wenye silaha walikuwa wameanza kupenya. Amri ile ya kikatili, ambayo iliwaweka raia katika hatari ya kuuawa kwa sababu ya asili yao, iliwapa waliokuwa wakingoja sababu ya kusonga mbele hadharani. Kabla ya mwezi kwisha Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi, na miezi saba baadaye Rais Mobutu alikuwa amekimbia. Mwaka mmoja hivi baada ya hapo, mwishoni mwa Julai 1998, mrithi wake, Rais Laurent-Désiré Kabila, aliwaamuru askari wa Rwanda waondoke Kongo, uamuzi ambao kila dola huru lina haki ya kuufanya, na tarehe 2 Agosti vita ya pili ikaanza, Uvira ikiwa miongoni mwa miji ya kwanza kupotea.

Tofauti na majibu ya hadharani, kulikuwa na jibu jingine la kimya ambalo lilizungumzwa kidogo. Mwezi Novemba 2023, kampeni zikiwa zimeanza, mkurugenzi wa idara za ujasusi za Marekani, Avril Haines, alikwenda Kinshasa na Kigali kuonana na marais wote wawili, na tarehe 11 Desemba kukatangazwa usitishaji wa mapigano wa saa 72, ambao baadaye ulisogezwa hadi tarehe 28 mwezi huo. Maana yake ni kwamba siku ile Tshisekedi alipokuwa akiitaja Kigali mbele ya umati, utulivu huo, hata kama ulikuwa dhaifu, ulikuwa bado unahesabiwa. Rais yuleyule alikuwa na sauti mbili, moja ya jukwaani na moja ya chumbani, na waliomjibu kwa manufaa zaidi ni wale waliozungumza na hiyo ya pili.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa karibu. Mwezi Mei 2013, mjini Addis Ababa, Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania alishauri kwamba Rwanda izungumze na FDLR, na kwa miezi kadhaa nchi hizo mbili zilirushiana maneno ambayo hayakuwa yamezoeleka kati ya wanachama wa jumuiya moja. Ugomvi ule haukumalizwa na hotuba bora kuliko nyingine. Ulipoa baada ya Kikwete na Kagame kukutana ana kwa ana Kampala mwezi Septemba mwaka huo, pembeni ya mkutano wa nchi za Maziwa Makuu, na hakuna aliyelazimika kufuta kauli mbele ya kamera.

Burundi ilichagua njia nyingine. Baada ya waasi wa RED-Tabara kuua watu wapatao 20 huko Vugizo, karibu na mpaka wa Kongo, tarehe 22 Desemba 2023, Rais Évariste Ndayishimiye aliilaumu Rwanda kwa kuwasaidia, na tarehe 11 Januari 2024 serikali yake ikafunga mipaka ya nchi kavu na Rwanda. Athari ya uamuzi huo kwa Uvira inaonekana vizuri zaidi barabarani. Msafiri wa kwenda Bukavu kwa gari hupita Sange na Luvungi hadi Kamanyola, na kutoka hapo ama hupanda mteremko mbaya wa Ngomo, ama huingia Rwanda kwa Bugarama na kutokea Bukavu kwenye daraja la Ruzizi. Wengine, kwa kuogopa majambazi wa bondeni, walizoea kuvuka Kavimvira na kufuata lami ya Burundi hadi Ruhwa kabla ya kuingia Rwanda. Safari ya mji mmoja wa mkoa kwenda mji mwingine wa mkoa huohuo ilikuwa ikipita katika nchi mbili, na maneno ya marais watatu yalikuwa yakiamua ni kizuizi kipi kitafunguka asubuhi.

Yaliyofuata yanajulikana. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na Uvira ikawa makao ya muda ya serikali ya mkoa, ikiwa na wanajeshi wa Kongo, wanamgambo wa Wazalendo walioiunga mkono serikali na askari wa Burundi ndani yake au jirani nayo. Oktoba 2025, jijini Brussels, Tshisekedi alimnyooshea Kagame mkono wa amani mbele ya viongozi waliokusanyika huko, na waziri wa mambo ya nje wa Rwanda akaukejeli papo hapo. Hata amani ilikuwa imepandishwa jukwaani, nayo ikapata jibu la jukwaani. Tarehe 4 Desemba marais hao wawili walikutana Washington na kuthibitisha makubaliano yao mbele ya Donald Trump. Siku chache tu baadaye, tarehe 10 Desemba, M23 walikuwa ndani ya Uvira, na makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Burundi.

Safari hii lililobadilisha mwenendo halikuwa tishio la Kinshasa. Waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Marco Rubio, alitamka kwamba vitendo vya Rwanda mashariki mwa Kongo vinakiuka waziwazi makubaliano ya Washington na kwamba hatua zitachukuliwa, na katikati ya Desemba M23 ikatangaza kwamba itautoka mji huo kwa ombi la wapatanishi wa Marekani. Kauli ya Rubio ilikuwa fupi, haikumfananisha mtu na yeyote, na ilitaja karatasi ambayo Kagame mwenyewe alikuwa ametoka kuithibitisha kwa mkono wake.