Ukiigiza mwizi, wewe si mwizi!

BASI bwana, nilipokuwa kidato cha tatu, huku kwetu Lisekese, Masasi, nilipewa sehemu ya mwizi wa korosho kwenye mchezo wa shule. Niliiba jukwaani mpaka watu wakasimama kushangilia. Kesho yake naenda dukani kununua sabuni, mwenye duka akavuta mizani yake karibu. "Mwizi wa korosho huyo!"

Mimi nilicheka. Binti aliyecheza changudoa hakucheka. Baba yake alisema mwanangu hawezi kuwa malaya mbele za watu, na kuigiza kukaishia hapo.

Kisa? Maneno mawili tu yamechanganywa. Mhusika ni mtu wa kwenye hadithi. Mwigizaji ni mimi au wewe tunayemvaa kwa muda, kisha tunamvua pamoja na maleba, yaani mavazi ya mchezo. Ajabu ni kwamba Wamakonde tuna ngoma za vinyago tangu enzi za mababu. Kinyago kikikutisha, hukiendei jirani yako kesho kumdai fidia!

Sasa wewe wa mtihani, shika haya. Tamthilia ni mchezo ulioandikwa; ukichezwa jukwaani mbele ya hadhira, ndiyo onyesho. Chukua Kinjeketile, iliyochapishwa 1969. Ebrahim Hussein ndiye mtunzi, Kinjeketile mhusika mkuu. Wahusika wakijibizana, hiyo dayalojia. Maneno yanayosema fulani anaingia au anaanguka ni maelekezo ya jukwaani: hayatamkwi, yanatendwa. Anayepanga nani asimame wapi ni mwongozaji. Mchezo unaoishia kwenye maafa ni tanzia. Wa kuchekesha, futuhi.

Tena Hussein mwenyewe alitahadharisha kuwa Kinjeketile wake ni wa kubuni, si nakala ya Kinjeketile Ngwale wa vita vya Maji Maji (1905-1907). Unaona? Hata mtunzi aliogopa tusichanganye!

Juzi nilikutana na yule binti sokoni, sasa mama wa watoto wawili. Akanitamkia sehemu yake yote, palepale kwenye mafungu ya nyanya, bila kukosea neno. Wauzaji wakapiga makofi. Akacheka, halafu akageuka upande kufuta macho.

Wazazi, kazi kwenu. Mwanao akicheza mlevi, usimnuse mdomo. Mpigie makofi.

Na mwenye duka, mizani yako sijaigusa!