Mchikichi hausahau kiangazi

KIGWENA, Rumonge – Msafiri anayetoka mjini Rumonge kuelekea Nyanza-Lac husindikizwa na michikichi pande zote mbili za barabara. Upande mmoja ziwa, upande mwingine vilima, na katikati ibigazi, kama Warundi wanavyoiita miti hiyo. Kisha, bila kutarajia, anakutana na ukuta wa miti mirefu yenye majani mazito, iliyofungamana na mitambaazi. Hapo ndipo Kigwena, kipande cha mwisho mwisho cha msitu wa tambarare uliowahi kutanda kandokando ya Tanganyika upande wa Burundi.

Akiinua macho kwenye vilima vya mashariki ataona msitu mwingine kabisa: miyombo, miti iliyoachana, majani membamba, ardhi yenye mawe. Mvua inayonyesha huku ndiyo inayonyesha kule, na kiangazi ni kimoja, kuanzia Juni hadi Septemba. Tofauti iko chini ya ardhi. Tambarare ya Kigwena ina udongo unaotunza unyevu, kwa hiyo miti yake haina haja ya kuvua majani. Miyombo ya vilimani imejifunza ubahili: huzamisha mizizi kwenye nyufa za mawe, huweka maji ndani ya shina, na hupukutisha majani kiangazi kinapokaza. Jambo la ajabu ni kwamba huchipua upya wiki kadhaa kabla ya mvua ya kwanza, kwa maji ya akiba, na majani machanga huwa mekundu kama moto. Wafugaji wa nyuki wa Kigoma na Tabora wanaujua msimu huo vizuri, maana maua ya miyombo ndiyo asali yao.

Kwa mfanyabiashara anayevusha bidhaa kati ya Rumonge, Baraka na Kigoma, hata hivyo, miti ya kuangaliwa kwa jicho kali ni miwili tu, na hakuna hata mmoja uliozaliwa hapa. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi na bonde la Kongo. Muhogo umetoka Amerika Kusini.

Mchikichi si mgeni wa jana. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliukuta umekwisha kuwa mti wa nyumbani. Lakini mpaka leo haujazoea kikamilifu. Mti huu hupenda mvua ya milimita 2,000 kwa mwaka, iliyogawanyika miezi yote, na tambarare ya Imbo hupata karibu nusu ya hiyo, tena kwa miezi minane au tisa tu. Mizizi yake mingi haishuki sana. Hutambaa kwenye tabaka la juu la udongo. Basi unaishije?

Kwanza, hufunga vinyweleo vya majani ili maji yasipotee. Pili, husimamisha ukuaji kwa namna inayoonekana hata kwa mtu aliyeketi ndani ya basi: majani machanga hubaki yamejikunja katikati ya kilele, yamesimama kama mikuki. Mchikichi wenye mkuki mmoja au miwili hauna tatizo. Ukiona mikuki minne au mitano imesimama pamoja bila kufunguka, mti una kiu.

Njia ya tatu ndiyo inayogusa mfuko. Mchikichi mmoja hutoa maua ya kike na ya kiume kwa zamu. Ya kike huwa mikungu ya ngazi. Ya kiume hutoa chavua tu, kisha hukauka. Kulea mkungu mzima ni gharama kubwa kwa mti, kwa hiyo ukipata shida hupunguza maua ya kike na kuongeza ya kiume. Uamuzi huo haufanyiki ua linapochanua. Hufanyika ndani kabisa ya kilele, likiwa bado kichipukizi kisichoonekana, takriban miaka miwili kabla ya mkungu kuiva.

Maana yake kiangazi kikali cha mwaka huu hakikati mawese ya mwaka huu. Mikungu iliyopo ilikwisha kupangwa zamani. Pengo hutokea mwaka wa pili, wakati mvua pengine zimekuwa nzuri, mashamba ni ya kijani, na mnunuzi aliyetoa fedha za awali kwa mkulima anashangaa mavuno yamekwenda wapi. Wengi huanza kumshuku mkulima kwamba ameuza pembeni. Huenda ameuza kweli, wafanyabiashara wanajuana. Lakini kabla ya kugombana ni vizuri kukumbuka mvua za mwaka juzi zilikuwaje. Anayeandika kwenye daftari lake ni lini mvua zilichelewa, na kwa wiki ngapi, ana habari za bei ambazo hazitangazwi kwenye redio yoyote.

Kuna pia biashara ya miche. Machikichi ya asili yana kifuu kinene na nyama kidogo. Aina iitwayo tenera ina kifuu chembamba na nyama nyingi, hivyo mafuta zaidi. Watafiti wa Yangambi, Kongo, walibainisha mwaka 1941 kwamba tenera ni chotara: mzazi mmoja ni wa kifuu kinene, mwingine hana kifuu kabisa. Kuanzia hapo kilimo cha michikichi duniani kote kilibadilika. Tanzania ilipoanza kampeni yake mkoani Kigoma mwaka 2018, miche iliyohimizwa kupitia kituo cha utafiti cha Kihinga ilikuwa hiyo hiyo.

Tatizo ni chotara wa chotara. Mtu akiokota mbegu chini ya tenera mzuri na kuziotesha kwenye viriba, nusu ya miche itafanana na mama, robo itarudi kuwa ya kifuu kinene, na robo iliyobaki itakuwa ya wasio na kifuu, ambao mara nyingi huchanua bila kuivisha mikungu. Kwa macho miche yote ni sawa. Mnunuzi atajua baada ya miaka mitatu au minne, na aliyemuuzia atakuwa amekwisha kuvuka ziwa.

Muhogo ni mjanja kuliko mchikichi. Hewa ikikauka tu, hata kabla udongo haujaisha maji, hufunga vinyweleo. Kisha huangusha majani mengi na kukaa kimya, chakula chake kikiwa salama ardhini. Mvua ikirudi, huchota wanga kutoka kwenye mizizi ili kuotesha majani mapya. Ndiyo maana muhogo unaong'olewa majuma machache baada ya mvua za kwanza huwa na majimaji: gunia lina uzito, unga ni mchache. Anayenunua shamba zima likiwa bado ardhini afanye hesabu hiyo.

Silaha nyingine ya muhogo ni sumu. Mmea huhifadhi kemikali ambayo, seli zikivunjwa na jino la panya au la nguruwe, hutoa sianidi. Katika ukame kiwango chake hupanda. Kuloweka siku tatu, kuchachusha na kukausha vizuri huiondoa, na wazee wa pande zote za ziwa wamelifanya hilo vizazi na vizazi, iwe kwa udaga au ubuswage.

Hatari huingia pale biashara inapoharakisha. Huko Bandundu, magharibi mwa Kongo, barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa katika miaka ya 1970, soko lilifunguka na watu wakapunguza siku za kuloweka ili wauze zaidi. Kilichofuata ni konzo, maradhi yanayopooza miguu ghafla na kwa kudumu, hasa kwa watoto na wanawake wa vijiji vilivyokuwa vikiuza. Nampula, Msumbiji, katika ukame wa 1981, walioathirika walizidi 1,000. Tarime, Tanzania, nayo ilipata wagonjwa katika ukame wa miaka ya 1980.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu miligramu 10 tu za sianidi kwa kilo ya unga wa muhogo. Mezani sokoni hakuna kipimo hicho, ila swali moja linawezekana kuulizwa kwa kila muuzaji, Rumonge, Kigoma au Baraka, hasa kiangazi kinaporefuka na magari yanasubiri: umeloweka siku ngapi?