MTO UNAPONYAMAZA: JINSI YA KUTAMBUA DHAMIRA, HISIA NA TASWIRA KATIKA SHAIRI

Hebu nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili tulipewa shairi juu ya mvua katika mtihani. Nilipoona tu neno "mvua", mbio nikaandika kwamba mshairi anafurahi kwa sababu mvua ni baraka, wakulima watapanda na ng'ombe watapata malisho. Kumbe katika ubeti wa tatu nyumba ya mzungumzaji ilikuwa imesombwa na maji! Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Umesoma mvua yako, hukusoma ya mshairi." Wenzangu walicheka mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo sijasahau.

Wengi wetu hukosea vivyo hivyo. Shairi likitaja mto, jua, bahari au msitu, tunadhani tumekwisha kulijua hata kabla ya kulisoma. Basi leo natumia shairi fupi nililolitunga kwa ajili ya ukurasa huu. Lisome mara mbili, na mara ya pili ulisome kwa sauti.

MTO WA NYUMBANI

Nakumbuka utotoni, mto huu ukicheka,
Ukishuka mabondeni, na mawe ukiyaruka,
Samaki wake majini, kama fedha wakiwaka,
Ewe mto wa nyumbani, nani aliyekuteka?

Leo nafika mtoni, ndoo tupu naiweka,
Ni mchanga tupu chini, na kinywa kilokauka,
Chura hasemi jiweni, korongo ameondoka,
Ewe mto wa nyumbani, nani aliyekuteka?

Nauliza msituni, kisiki kinatamka:
"Nawe pia u kundini, shoka lako umeshika!"
Nainama udongoni, mche mmoja nazika,
Ewe mto wa nyumbani, nani aliyekuteka?

Kwa upande wa umbo, hii ni tarbia, kwani kila ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16, yaani nane katika ukwapi na nane katika utao. Vina ni -ni na -ka toka mwanzo hadi mwisho, na mshororo wa nne ni kibwagizo. Hayo wengi wetu tunayaweza, hata usingizini. Kazi iko ndani ya shairi.

TASWIRA: PICHA ZA AKILINI

Taswira ni picha inayojengeka akilini mwa msomaji kutokana na maneno ya mshairi. Sio picha za macho peke yake. Ziko za kusikia, kugusa, kunusa na kuonja pia. Katika ubeti wa kwanza tunaona samaki waking'aa kama fedha. Hiyo ni tashbihi, na neno "kama" limetusaidia. Lakini pia tunausikia mto "ukicheka". Mto hauna meno wala midomo; hii ni tashihisi. Ukisimama kando ya maji yanayopita juu ya mawe, utajua kicheko hicho kimetoka wapi.

Sasa linganisha na ubeti wa pili. Chura hasemi. Kicheko kimekwisha, na kimya nacho kimekuwa taswira ya kusikia. Tazama pia "kinywa kilokauka". Hapa hakuna "kama". Mto umefanywa kinywa moja kwa moja, na hiyo ni istiari. Kinywa kikikauka mwenyewe ana kiu. Basi aliyekuwa akitunywesha sisi sote ndiye leo mwenye kiu. Maneno mawili tu, na uchungu wote umo humo. ("Kilokauka" ni "kilichokauka" kilichofupishwa kwa inkisari ili mizani itimie.)

Kuna neno moja zaidi la kuchungua: "aliyekuteka". Kuteka ni kuchota maji. Kuteka pia ni kumkamata mtu kwa nguvu. Mshairi hajachagua maana moja, na wewe usimchagulie. Mtungi uliteka maji, na sasa mto wenyewe ni mateka.

HISIA: SHAIRI LINAKUACHAJE?

Hisia, ambayo wengine huiita hali, ni ile hewa inayolizunguka shairi: furaha, huzuni, hofu, utulivu, hasira. Usiichanganye na toni. Toni ni sauti ya nafsi neni, yaani anavyozungumza, kwa kejeli, kwa kusihi ama kwa kulalamika. Hisia ni kile kinachobaki moyoni mwako wewe msomaji.

Kosa kubwa ni kulipa shairi zima hisia moja. Hisia hugeuka, na pale inapogeuka ndipo penye siri. Ubeti wa kwanza una furaha ya kumbukumbu. Neno "leo" linapoingia, furaha inakatika na huzuni inachukua nafasi. Katika ubeti wa tatu kisiki kinasema, na huzuni inageuka kuwa aibu. Fikiria: ulikuwa ukimtafuta mwizi, kumbe shoka umelishika wewe! Nyani haoni kundule.

Angalia tena kibwagizo. Maneno ni yaleyale mara tatu, lakini hayasikiki sawa. Mara ya kwanza ni swali, kwa maana anayeuliza hajui. Mara ya pili ni kilio. Mara ya tatu jibu linajulikana, kwa hiyo swali limemrudia mwulizaji mwenyewe. Ukiulizwa umuhimu wa kibwagizo, usijibu tu kwamba "kinasisitiza ujumbe". Sema kinavyobadilika.

DHAMIRA: MTUNZI ANATAKA NINI?

Maudhui ni mambo yanayozungumzwa, na dhamira ni lengo kuu la mtunzi katika kuyazungumza. Ukisema "dhamira ni mto", hujasema kitu. Hilo ni jambo linalosimuliwa. Dhamira huandikwa kwa sentensi kamili: mtunzi anataka tutambue kwamba sisi wenyewe tunaolalamikia ukame tumeshiriki kuuleta, na kwamba marekebisho huanzia mikononi mwetu. Ushahidi uko katika shoka na katika mche. Na mbona mche "anauzika" badala ya kuupanda? Kuzika ni msiba, lakini mbegu nayo hufukiwa ndipo iote. Huzuni na tumaini vimelala shimo moja.

Dhamira hii si ndoto. Mizizi ya miti husaidia maji ya mvua kuzama ardhini na kulisha chemchemi polepole hata wakati wa kiangazi. Ardhi ikiwa tupu, maji hukimbia juu juu na udongo wetu, na kijito hukauka. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alisimulia jinsi mugumo wa utotoni kwao Nyeri ulivyokatwa, na kijito kilichokuwa karibu nao kikakauka.

Lakini tahadhari! Si kila shairi lenye mnyama au mto linahusu mazingira. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni hapa Kenya kati ya 1969 na 1972, na kitabu kikatoka 1973. Humo mna shairi liitwalo "Mamba". Anayedhani ni somo la wanyama tu atakuwa ameukosa mkuki wa mtunzi, maana mamba yule ni mwenye nguvu anayejiona hatakufa. Kwa hiyo jiulize daima: picha hii inasimama peke yake, au inasimama badala ya kitu kingine? Jibu litoke katika shairi, sio katika kichwa chako.

UNAPOJIBU SWALI

Fuata hatua tatu: taja, thibitisha, eleza. Kwa mfano: "Hisia katika ubeti wa pili ni huzuni (taja). Mshairi anasema chura hasemi na korongo ameondoka (thibitisha). Viumbe waliotegemea maji wametoweka, na kimya hicho kinaonyesha kwamba uhai wa mto umekwisha (eleza)." Wengi huishia hatua ya kwanza, halafu wanamlaumu mtahini.

Jipime basi kwa maswali haya:
1. Neno "tupu" limetumika mara mbili katika ubeti wa pili. Lina athari gani?
2. Kwa nini mtunzi amekipa kisiki sauti, na sio mti uliosimama?
3. Andika ubeti wa nne. Je, mto utajibu?

Swali la tatu mniletee majibu katika kikao cha chama. Na kabla ya kuandika, nenda ukasimame kando ya mto ulio karibu na kwenu, usikilize. Ukiusikia ukicheka, shukuru. Ukiwa kimya, sasa unajua la kuuliza, na unajua wa kuulizwa. Naomba kutua kalamu.