Kabichi isiyopenda safari

Mkorea aliyehamia ugenini huizoea baridi, huizoea lugha, lakini wali bila kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, haumshibishi. Juu ya njaa hiyo imejengwa biashara ya mabilioni ya dola.

Waliotangulia hawakuwa na wa kuwauzia. Kuanzia mwaka 1963 Korea Kusini ilipeleka Ujerumani Magharibi wachimba makaa ya mawe, kisha wauguzi, maelfu kwa maelfu. Kabichi ya kwao haikuwapo, kwa hiyo walichachusha ya Wajerumani kwa pilipili yoyote iliyopatikana, wakala hivyo hivyo.

Marekani ilipolegeza sheria ya uhamiaji mwaka 1965, Wakorea waliongezeka mpaka wakawa soko. Mwaka 1982 Il Yeon Kwon alifungua duka Woodside, mtaa wa Queens, New York, akaliita Han Ah Reum, yaani mzigo wa kujaza mikono. Leo linaitwa H Mart na lina karibu matawi 100. Humo mna figili nene, gochujang, ambalo ni rojo zito la pilipili na soya iliyochachushwa, mwani wa kukaanga, na meza ya vitoweo vidogo vidogo vilivyo tayari. Mwaka 2021 mwandishi Michelle Zauner alipochapisha kitabu kuhusu kifo cha mama yake, jina la duka hilo ndilo aliloliweka kwenye jalada. Sijui tangazo linaloweza kushinda hilo.

Ugumu wa biashara hii uko kwenye kimchi yenyewe. Kimchi haiachi kuchachuka. Ikitoka kiwandani inaendelea kutoa hewa, chombo kinavimba, ukali unapanda kila siku, na joto likiingia bandarini kwa saa chache tu, mteja anafungua kitu kingine kabisa. Ubaridi lazima uisindikize kutoka kiwandani hadi rafuni, na anayeulipia ni mlaji. Ndiyo sababu kampuni ya Daesang ilijenga kiwanda California, kikaanza kazi mwaka 2022: ni nafuu kuihamisha kazi kuliko kuisafirisha kabichi.

Tambi kavu hazina deni hilo. Mwaka 2024 mauzo ya nje ya tambi za Korea yalivuka dola bilioni 1 kwa mara ya kwanza, yakisukumwa sana na tambi za Buldak za kampuni ya Samyang, ambazo pilipili yake huwatoa machozi hata waliozaliwa nayo. Wanunuzi wengi sasa si Wakorea. Mwaka 2023 maduka ya Trader Joe's ya Marekani yalipoleta kimbap iliyogandishwa, wali uliokunjwa ndani ya mwani, iliisha nchi nzima kwa wiki chache.

Nawafurahia wateja hao wapya, ila ningekuwa mwenye duka nisingewapangia rafu zote. Wameletwa na filamu na muziki, na wanaweza kuondoka navyo. Bibi anayenunua figili za kutosha majira yote ya baridi atarudi mwakani, mradi bei isimfukuze.

Bei hiyo inauma hata Seoul. Mwaka 2024 Korea Kusini iliuza nje kimchi ya zaidi ya dola milioni 160, ikaagiza nyingi kuliko hiyo, karibu yote kutoka China, na sehemu kubwa ikaishia kwenye mikahawa ya bei nafuu.