Saratani ya Tezi Dume Inaporudi Mahali Pasipotegemewa

Leo tunazungumza na wazee wetu na baba zetu waliowahi kutibiwa saratani ya tezi dume, pamoja na wake na watoto wanaowatunza. Ugonjwa huu unaweza kurudi baada ya miaka mingi, na mara nyingine haurudi pale ulipoanzia.

Unarudi wapi?

Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwanaume kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Saratani yake hutibiwa kwa upasuaji, kwa mionzi, au kwa kupunguza homoni za kiume. Mgonjwa anapata nafuu na kurudi kwenye shughuli zake. Lakini chembe chache za saratani zinaweza kuwa zimesafiri kwa njia ya damu au tezi za limfu.

Mara nyingi hukaa kwenye mifupa, hasa uti wa mgongo, nyonga na mbavu, au kwenye tezi za limfu za nyonga. Mara chache huonekana kwenye mapafu, ini, ubongo, au kama uvimbe wa shingoni juu ya mfupa wa mtulinga wa kushoto.

Hapo ndipo watu huchelewa. Uvimbe wa shingoni hudhaniwa ni kifua kikuu cha tezi. Maumivu ya mgongo husemwa ni jembe, ndoo za maji au uzee. Mara nyingi ni kweli. Lakini daktari asipoambiwa kwamba mzee aliwahi kutibiwa saratani, hatajua kuitafuta.

Vipimo vinasaidiaje?

Kwanza ni kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kwa aliyeondolewa tezi dume yote, kiwango kinatakiwa kuwa karibu na sifuri. Kikifika 0.2 au zaidi, na kikipimwa tena kikabaki hivyo, ni dalili kwamba ugonjwa umerudi. Hata hivyo damu haisemi umerudi wapi. Ndiyo maana zinahitajika picha:

- Eksirei huonyesha mifupa, lakini mabadiliko ya mwanzo yanaweza yasionekane.
- Picha ya mifupa ya mwili mzima: unachomwa dawa yenye mionzi kidogo kwenye mshipa, unasubiri kama saa 3, kisha unapigwa picha. Mfupa uliovunjika zamani nao unaweza kung'aa, hivyo daktari hulinganisha na vipimo vingine.
- Siti skani huonyesha mapafu, ini na tezi za limfu.
- MRI huonyesha vizuri uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Mashine hii ina sumaku yenye nguvu. Kama una risasi au kipande cha bomu mwilini, sema kabla ya kuingia chumbani.
- PET yenye dawa inayoshika chembe za saratani hii huweza kuona ugonjwa ukiwa bado mdogo. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2020.

Penye uvimbe, mara nyingi hukatwa kipande kidogo kikapimwe maabara ili kupata uhakika.

Kutoka hapa Nyarugusu hadi Hospitali ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000, na si kila mgonjwa atafika huko. Daktari ndiye anayeamua rufaa. Lakini kukosa picha kubwa si kukosa matibabu. Zipo dawa za kupunguza homoni na dawa za maumivu, na mionzi inaweza kutuliza mfupa unaouma.

Dalili zisizosubiri kesho

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona haya kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani:

- Miguu kulegea au kufa ganzi.
- Kushindwa kukojoa, au mkojo na haja kubwa kutoka bila kujizuia.
- Maumivu ya mgongo yanayozidi kila siku na kumwamsha usiku.

Huenda saratani inabana uti wa mgongo. Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Anayesubiri hadi miguu ife mara nyingi hatembei tena.

Fanya haya

1. Tunza karatasi zote za hospitali kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na majibu ya PSA.
2. Kama karatasi zilibaki nyumbani wakati wa kukimbia, mwambie daktari ulitibiwa nini, wapi na mwaka gani. Ukiwa na kovu la upasuaji, mwonyeshe.
3. Usione aibu. Mzee akiona haya, mke au mtoto amsemee.
4. Rudi kupima PSA kwa tarehe uliyopewa, hata kama hujisikii mgonjwa.

Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako. Tutakuja hadi nyumbani.